Mafuta hayachemki, yanafuka

Kwenye vibanda vya chipsi vya Elerai, kama kote Arusha, mafuta yakipata moto watu husema "yamechemka". Kwa maji neno limekaa sawa: mjini hapa, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mafuta ya chipsi yapo 180 na bado hayajachemka. Yale mapovu ni maji ya viazi yanayotoka kwa kasi. Chipsi zikikauka, mapovu hupungua na mafuta hutulia, wakati joto lipo palepale au linapanda.

Ndiyo maana fundi wa mashine za umeme za kukaangia chipsi akipigiwa simu na kuambiwa "mashine inachemsha sana", hapati cha kushika. Mwambie mafuta yanafuka. Kufuka ni kutoa moshi, na mafuta ya alizeti yaliyosafishwa hufuka yakikaribia 230, mapema zaidi yakiwa yametumika siku nyingi. Kwa neno hilo moja fundi anajua pa kuanzia: kijiti cha themostati kimegandwa na masizi au kimechomoka mahali pake ndani ya mafuta, au kontakta imegandana, taa inazimika huku koili ikiendelea kupasha. Swichi ya usalama ikijikata mara kwa mara, naomba sana isirudishwe tu ili foleni ya wateja iishe. Zima umeme ukutani, weka mfuniko wa chuma karibu, na maji yakae mbali kabisa.