Kengele ya Rambirambi

Leo hatutasoma habari za wafalme, bali habari za muziki mmoja uliotungwa kwa ajili ya marehemu.

Benjamin Britten alikuwa mtunzi wa muziki wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1913. Kazi yake moja kubwa, ya kuwaombea waliokufa vitani, ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1962 katika kanisa kuu jipya la Coventry. Kanisa la zamani lilikuwa limebomolewa kwa mabomu mwaka 1940. Britten alifariki tarehe 4 Desemba 1976.

Mbali na huko, katika nchi ndogo ya Estonia, aliishi mtunzi mwingine, Arvo Pärt, aliyezaliwa mwaka 1935. Siku zile Estonia ilikuwa chini ya utawala wa Kisovieti, na kusafiri nje hakukuwa rahisi. Mwaka 1968 Pärt alitunga muziki uliotangaza imani yake ya Kikristo, na wakubwa wa serikali wakakasirika. Baadaye alitunga kidogo tu kwa miaka kadhaa, akajifunza nyimbo za kale za kanisa. Mwaka 1976 akaanza kutunga kwa namna mpya, kwa sauti chache.

Wakati huohuo alianza kuufahamu muziki wa Britten. Aliupenda kwa usafi wake, akatamani kuonana na mwenyewe. Kabla hawajaonana, habari ya kifo ikamfikia.

Je, utamliliaje mtu ambaye hukupata kumpa mkono? Pärt alitunga rambirambi yake kwa vyombo vya jamaa ya fidla, vikubwa na vidogo, pamoja na kengele moja. Ilipigwa mara ya kwanza Tallinn, mwaka 1977.

Fikiri juu ya ngazi. Unashuka kidato kimoja, unarudi juu, unashuka viwili, unarudi juu, kisha vitatu. Ndivyo sauti zinavyokwenda. Mafungu ni matano, na yote yanashuka ngazi hiyohiyo. Fungu la kwanza lina mwendo wa upesi. Kila linalofuata huenda nusu ya mwendo wa lililotangulia. Fungu likifika chini, hushika sauti yake ya mwisho na kuwangoja wenzake.

Mwishoni kengele hupigwa polepole sana, hata huisikii. Fidla zinaponyamaza ghafula, ndipo unaisikia ikilia peke yake, mpaka inafifia.

Hivyo mtu aliyechelewa kuonana na mwenziwe alipata njia ya kumwaga.

Maswali
1. Kwa nini Pärt hakuonana na Britten?
2. Fungu la tatu huenda kwa mwendo gani, ukilinganisha na la kwanza?
3. Kwenu watu huomboleza kwa nyimbo au ngoma gani? Andika sentensi tatu.