Mfinyanzi

Methali yasema mfinyanzi hulia gaeni. Uvira na Bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, wengi wakilisikia neno mfinyanzi humfikiria Mtwa, mtu wa jamii ya Batwa, na hapo ndipo tunapokosea. Ndani ya kufinyanga mna kufinya: udongo unabanwa kwa vidole, ukingo unalainishwa, gurudumu halipo. Hiyo ni kazi, si kabila. Utaniambia Batwa ndio wenye vyungu. Wengi wao, ndiyo. Lakini walizidi kuushika udongo misitu na ardhi vilipowatoka, na sasa sufuria na plastiki zinawanyang'anya wateja. Dharau hii si ya kwetu tu: hata Korea, zamani, mfinyanzi alihesabiwa mtu wa chini. Leo baadhi ya walio hodari serikali ya huko inawatambua kuwa hazina ya taifa. Ukinunua chungu sokoni, mwite muuzaji kwa ujuzi wake.