Chatne ya karanga na kesi ya shamba la bibi

UE zimeisha, na bumu nalo limeisha (lenyewe liliisha kabla hata ya UE). Kwa hiyo wiki nzima hii chumbani kwetu ni wali kwa chatne. Na siyo chatne ya nazi wala ya embe ile tunayolia bajia kule kwetu Tanga. Ni ya karanga. Alinifundisha mama mmoja wa Kihindi, mumewe alikuwa mwalimu, kwao ni Andhra Pradesh, kusini mwa India. Kule wanaila asubuhi na vile vikate vyao vya mchele.

Kuipika siyo kazi. Kaanga karanga bila mafuta mpaka zinukie, zipoze, sugua maganda yatoke. Saga pamoja na pilipili kavu, kitunguu thomu, ukwaju, chumvi na maji kidogo. Halafu chemsha mafuta kijiko kimoja, tia haradali, zikianza kurukaruka tupia majani ya mchuzi, mwagia juu ya chatne yako. Basi. Kama huna blenda tumia kinu, mimi natumia kinu.

Sasa rumu meti wangu akaonja akasema, "Hawa Wahindi wanajua kula." Mimi mtu wa historia nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia hebu tuhesabu. Karanga asili yake Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioisambaza kuanzia karne ya 16, ikafika kwetu na ikafika India. Pilipili nayo asili yake hukohuko Amerika. Ukwaju ni mti wa Afrika kabisa, ingawa Waarabu waliuita tende ya India. Ukitoa haradali na majani ya mchuzi, Mhindi kachangia nini? Akacheka, akasema kachangia akili ya kuvichanganya. Hapo alinipata.

Lakini kilichonifanya niandike leo siyo hicho. Nilikuwa natafuta habari za karanga Tanganyika nikitegemea kukuta ule mradi wa Waingereza tu, ule tuliokariri sekondari. Kweli niliukuta: ulianza 1947 Kongwa, mpango ukiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000, wakapata kama 7,500. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, na karanga ni mmea unaozaa chini ya ardhi. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36.

Ila nyuma ya hapo nikakuta jina la Amani. Nikashtuka, maana Amani ndiyo milima tunayoiona tukiwa shambani kwa bibi, Muheza. Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Mmoja wa wataalamu wake, Albrecht Zimmermann, aliandika mwaka 1907 katika jarida la Der Pflanzer kuhusu ugonjwa mmoja wa karanga. Majani yanakuwa ya njano, mmea unadumaa na kujikunja kama ua. Leo unaitwa rozeti, na andiko lile linahesabiwa kuwa la kwanza duniani kuueleza. Mwaka 1928 Storey na Bottomley wakaonyesha kwamba unaenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Huyo Storey baadaye alifanya kazi miaka mingi hapohapo Amani.

Niliposoma "njano" na "kudumaa" nikaacha kula.

Nilipokuwa darasa la sita, karanga za bibi zilifanya hivyohivyo. Mwaka ule tulichelewa kupanda kwa sababu mbegu tulizila wakati wa njaa, ikabidi tusubiri za kukopa. Tena zikawa chache, tukazipanda mbalimbali. Shamba likawa la njano, hatukuvuna hata debe. Jirani yetu aliyepanda na mvua za kwanza alivuna vizuri. Unajua kilichofuata. Ikasemwa ana kijicho, kalitazama shamba letu vibaya. Bibi akaacha kumsalimia. Sisi wajukuu tukakatazwa kuchota maji njia ya kwake, na mwanawe tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja nikahama dawati.

Wataalamu wanasema njia rahisi za kupunguza rozeti ni mbili: panda mapema, na panda kwa kubanana, maana vidukari hupenda kutua palipo na udongo mtupu kati ya mimea. Jirani alifanya yote mawili. Sisi hata moja.

Kutoka Muheza hadi Amani ni kama kilometa 30. Habari ile ilikuwa imeandikwa huko mlimani karibu miaka mia kabla, kwa Kijerumani, kwa ajili ya masetla. Kushuka kilometa 30 mpaka kwa bibi ikashindwa. Tukisoma historia ya karanga tunaicheka Kongwa na matrekta yake, pauni milioni 36. Hasara ya kwetu hakuna aliyeiandika popote.

Juzi nikampigia simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula karanga, halafu nikamweleza yote, vidukari na Mjerumani wake. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mama wa watu tulimwonea?"

Nikasema ndiyo bibi, tulimwonea.

"Keshahamia Korogwe kwa mwanawe," akasema. "Nani ana namba yake?"

Ninayo ya yule mwanawe wa dawati moja. Nimeitafuta kwa watu siku tatu, jana nikaipata. Sijapiga bado. Nimemaliza kusaga chatne, nasubiri nipate la kuanzia.