Zawadi ya Muflisi

Neno "muflisi" lilifika pwani hii kabla ya hakimu wa Kizungu. Ndani yake mna fulusi, sarafu ndogo za shaba. Wanaisimu wa Kiarabu hueleza kwamba aliyefilisika ni mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha, akabaki na fulusi tu. Huku kwetu Chikongola tunalitumia kwa utani: ukiagiza chai bila kitafunwa unaulizwa kama umefilisika. Mikindani ya karne ya 19, safari fupi ya daladala kutoka hapa, neno hilo halikuwa la utani hata kidogo.

Mikindani iliishi kwa kukopeshana. Nguo, shanga na baruti zilitoka Unguja kwa wafanyabiashara wa Kihindi, zikakabidhiwa wenye misafara kwa mali kauli, yaani chukua sasa, utalipa ukirudi. Misafara ikaelekea bara ikirudi na pembe, mpira na sandarusi. Hakuna aliyelipa siku hiyo hiyo. Mwenye msafara aliwiwa na mwenye duka, mwenye duka aliwiwa na tajiri wa Unguja, na tajiri naye mara nyingi alikuwa na wenyewe Bombay. Msafara mmoja ukipotea, watu watano waliokaa mbali mbali walikosa usingizi.

Sasa mtu anayeona deni linamjia na hana cha kulipa hufanya nini? Kila zama jibu limekuwa lile lile: anahamisha mali. Nyumba inaandikwa jina la mke, shamba la minazi linawekwa wakfu, jahazi "linauzwa" kwa shemeji. Wenye kudai wakifika wanamkuta mtu na kanzu yake.

Kadhi wa pwani alikuwa na jibu lake. Alifuata madhehebu ya Shafii, na kitabu alichokitegemea sana kilikuwa Minhaji ya Imamu Nawawi. Mlango wa kufilisi katika vitabu vya fiqhi hutaja habari za Muadh bin Jabal, sahaba ambaye mali yake iliuzwa na Mtume ili alipiwe madeni. Utaratibu ni huu: madeni yakizidi mali na wenye kudai wakiomba, kadhi humwekea mdaiwa hijri, yaani kumzuia asiiguse mali yake. Tangu hapo haiuzi wala haigawi. Tena aliyemuuzia bidhaa na hajalipwa, akiikuta bidhaa yenyewe bado ipo, ana haki ya kuirudisha. Kwa mtu wa mali kauli hilo halikuwa jambo dogo.

Ila tazama upande wa nyuma. Zawadi aliyoitoa kabla ya hijri, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu haya, ilisimama. Ni dhambi mtu kutoa sadaka mali ambayo wenye deni wanaihitaji, na vitabu vinasema hivyo bila kuficha. Lakini dhambi ni jambo moja na kubatilika ni jingine. Wamaliki walikwenda mbali zaidi, wakawapa wenye kudai nafasi ya kuivunja zawadi ya mtu ambaye madeni yameizunguka mali yake yote, hata kabla kadhi hajasema neno. Na huko Istanbul, Wahanafi walipoona wakfu zimekuwa maficho ya wadaiwa, Ebussuud, mufti mkuu wa dola ya Uthmani katika karne ya 16, aliwaelekeza makadhi wasiziandikishe wakfu za watu waliolemewa na madeni.

Karne hiyo hiyo, mwaka 1571, Bunge la Uingereza chini ya Malkia Elizabeth lilitunga sheria ya kubatilisha mali iliyohamishwa ili kuwakwepa wenye kudai. Kesi yake maarufu ni ya mwaka 1601, na ukiisoma utadhani ilitokea Mikindani. Mfugaji mmoja aitwaye Pierce alidaiwa pauni 400 na Twyne, na pauni 200 na mtu mwingine. Yule wa pili alipokwenda mahakamani, Pierce akampa Twyne kwa siri mali yake yote, ya pauni 300. Lakini kondoo hawakuhama. Pierce aliendelea kuwakata manyoya na kuwatia alama yake. Mahakama ikahesabu dalili: ametoa kila kitu, ametoa kwa siri, ametoa wakati kesi ipo, na bado anaitumia mali kama yake. Dalili ninayoipenda ni ya mwisho: hati yenyewe ilijieleza kuwa imetolewa kwa nia njema. Mtu mkweli hana haja ya kuandika hivyo.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika walikuja na urithi huo. Sheria yetu ya Kufilisika, ambayo leo ni Sura ya 25, ilifuata mfano wa sheria yao ya mwaka 1914. Hapo ndipo muda ulipogeuka na kutazama nyuma. Zawadi iliyotolewa ndani ya miaka 2 kabla ya kufilisika inabatilika. Ikiwa ni ndani ya miaka 10 inabatilika pia, isipokuwa aliyepewa athibitishe kwamba mtoaji siku ile aliweza kulipa madeni yake yote bila mali hiyo. Mnunuzi mwenye nia njema aliyelipa thamani anaachwa salama. Lakini dada aliyejengewa nyumba na kaka yake, na kuishi humo miaka 8 bila kujua lolote kuhusu biashara ya kaka, atapaswa kutoa hesabu za mtu mwingine. Kadhi wa Kishafii asingemgusa. Nami sioni ni rahisi kusema nani alikuwa na haki zaidi, maana upande wa pili wa nyumba ile kunaweza kuwa na wakulima wa korosho ambao hawakulipwa msimu mzima.

Wakulima hao, wakati wa ukoloni, hawakuhesabiwa sana katika habari hizi. Serikali iliwekea mipaka mikopo ya wafanyabiashara kwa Waafrika, kwa hoja ya kuwalinda. Walilindwa kweli na kesi za madeni, na papo hapo wakafungiwa mlango wa mikopo ya halali. Biashara ya kununua korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, haikuhitaji karatasi ya mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye rufani, maana yule dada atataka kukata. Leo atakutana na RITA, wakala ambao neno ufilisi limo katika jina lake, na Mahakama Kuu ina masjala hapa Mtwara. Tuseme jaji ametoa amri ndogo ya kuizuia nyumba isiuzwe mpaka shauri liishe. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2002 inasema uamuzi wa katikati haukatiwi rufani wala kuombewa mapitio, isipokuwa kama unalimaliza shauri. Kabla ya hapo kesi ziliweza kupanda na kushuka kwa kila pingamizi, na wenye pesa walijua kuutumia mwanya huo.

Kipimo cha kujua uamuzi upi ni wa mwisho kilielezwa na Mahakama ya Rufani katika maombi ya mwaka 2016 ya Murtaza Mangungu, yaliyotoka jirani zetu wa Kilwa Kaskazini baada ya uchaguzi. Ni kipimo kilichotoka Uingereza mwaka 1903: je, amri hii imemaliza haki za wahusika?

Lakini imemaliza nini? Ufilisi ni shauri lenye mashauri tumboni. Jaji akisema zawadi ni batili, ya dada yamekwisha, ingawa ya kaka yanaweza kuendelea miaka mingine 5. Nionavyo mimi, kumwambia dada asubiri hadi senti ya mwisho igawanywe ni kumnyima rufani, kwa sababu nyumba itakuwa imeshauzwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikazia mwaka 2020, katika shauri la Ritzen, kwamba ndani ya ufilisi mgogoro unaojitegemea hupimwa peke yake. Kisu hicho kilikata pande zote mbili: Ritzen alikuwa amesubiri mwisho, akaambiwa muda wa kukata rufani umempita.

Amri ya kuzuia nyumba isiuzwe ni jambo jingine. Hiyo haijamaliza haki ya yeyote, kwa hiyo haikatiwi rufani. Dada anabaki ndani, hawezi kuuza wala kuiweka rehani, wakulima nao hawajapata kitu, na msimu wa korosho mwingine unafunguliwa.