Bi Keiko Fukuda na miaka 19 ya dan ya tano

Wiki hii nilikuwa niandike habari nyingine kabisa, lakini binti yangu karudi skuli na karatasi mkononi. Pana darasa la judo la watoto, jioni mara mbili kwa wiki, si mbali na tunapokaa, naye anataka kujiunga. Bibi yake alikuwa barazani anachambua mchele. Alipoelezwa kwamba judo ni watu kukamatana na kubwagana chini, akaiweka sinia pembeni. "Mtoto wa kike akabwagane na watu kwenye jamvi? Kisha nani atakuja kumposa?"

Sikumjibu. Mama yangu hajibiwi hivi hivi. Usiku nikakaa kusoma, nipate cha kumwambia, na huko nikakutana na mwanamke wa Tokyo ambaye watu wake waliuliza suali hilohilo miaka karibu 90 iliyopita. Jina lake Keiko Fukuda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria kila nikiwa jikoni.

Nianze na judo yenyewe, maana wengi wetu tunaichanganya na karate. Karate ni ngumi na mateke. Katika judo hakuna kupiga: unamshika mwenzako nguo, unamtoa kwenye mizani yake, unambwaga, au unamdhibiti chini mpaka asiweze kuinuka. Aliyeiasisi ni Jigoro Kano, kijana mwembamba aliyechoka kuonewa na wenzake skuli. Alitaka kujifunza jujutsu, mapigano ya kale ya samurai, lakini zama zile watu wa Japani walikuwa wameshaanza kuyaona ni mambo ya kizamani na walimu wamekuwa adimu. Basi Kano akawa anawaulizia kupitia waunga mifupa, kwa sababu wengi wa mafundi wale wa zamani walikuwa wakila kwa kazi hiyo. Ndivyo alivyompata mmoja wa walimu wake wa mwanzo, mzee Hachinosuke Fukuda. Mshike mzee huyo, tutarudi kwake.

Mwaka 1882 Kano, akiwa na miaka 21 tu, alifungua skuli yake ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo. Kulikuwa na majamvi 12 na, mwaka ule wa kwanza, wanafunzi 9. Aliiita Kodokan. Mafunzo yake aliyaita judo, yaani njia ya ulaini: mtu akikusukuma usishindane naye kwa nguvu, jivute, umwache aende na nguvu zake mwenyewe. Kwa hiyo mtu mdogo anaweza kumwangusha pandikizi la mtu. Ukifikiri, hesabu hiyo ilikuwa ya manufaa kwa wanawake kuliko mtu yeyote. Lakini mwanamke wa kwanza, Sueko Ashiya, alipokewa na Kano mwaka 1893, na idara rasmi ya wanawake Kodokan ilikuja kufunguliwa mwaka 1926. Skuli ilikuwa imeshatimiza miaka 44.

Na idara hiyo nayo ilikuwa na mipaka yake. Wanawake walifanya mazoezi mbali na wanaume. Hawakuruhusiwa kushindana. Mkazo wao uliwekwa kwenye kata, yaani mifululizo ya hatua iliyopangwa, mmoja anashambulia na mwenzake anajibu, polepole, kila kidole mahali pake. Hata mkanda wao mweusi ulipitishwa mstari mweupe katikati, urefu mzima, ili anayetazama ajue kuwa huyu ni mweusi lakini wa kike. (Mstari huo uliendelea kuvaliwa kwenye mashindano ya kimataifa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Mimi nimezaliwa kabla ya hapo!)

Sasa turudi kwa mzee Hachinosuke. Alifariki mwaka 1879, kabla hata Kodokan haijawa ndoto. Lakini Kano hakumsahau mwalimu wake, na miaka mingi baadaye akamwita mjukuu wake wa kike aje kujifunza. Mjukuu huyo ndiye Keiko, aliyezaliwa mwaka 1913, yatima wa baba tangu mdogo, binti aliyefunzwa yale aliyopaswa kufunzwa binti wa Kijapani wa nyumba nzuri: kupanga maua, kuandika kwa brashi, kutayarisha chai kwa taratibu zake zote. Urefu wake haukufika hata mita moja na nusu. Uzito wake ulikuwa chini ya kilo 46.

Alikwenda na mama yake kutazama kwanza. Mwenyewe alisimulia baadaye kuwa alishtuka kuona wasichana wakitanua miguu na kurukiana, kwa sababu alikuwa amelelewa kukaa na kutembea kwa kujikusanya. Hata hivyo mwaka 1935 akajiunga, akiwa na miaka 21, katika kundi la wanawake wasiozidi ishirini na wachache. Mjomba wake alikataa katakata. Mama na kaka yake waliridhia, na mnajua kwa nini? Walitumai kuwa huko kwenye judo atapata mume.

Nilicheka niliposoma hapo. Halafu sikucheka tena. Kwa sababu posa ilikuja kweli, na Keiko akaona kwamba kuolewa, kwa desturi za wakati ule, kungekuwa na maana ya kuacha mazoezi. Akachagua judo. Hakuolewa maisha yake yote, na uzeeni alisema kwamba judo ndiyo iliyokuwa ndoa yake. Sitaki kulipamba jambo hili. Sisi tunaoijua thamani ya kuwa na nyumba na watoto tunajua alichokitoa. Wala sidhani kuwa ilikuwa haki kuwekewa mizani ya aina hiyo, maana wanaume waliokuwa wakifanya mazoezi ukumbi wa pili walioa, wakazaa, na mikanda yao wakaendelea kuivaa.

Kano aliwataka wanafunzi wake waipeleke judo duniani. Mwaka 1938 alikwenda Cairo kwenye mkutano wa Kamati ya Olimpiki, na akiwa njiani kurudi Japani akafia melini. Keiko wakati huo alikuwa ameshakuwa mwalimu. Maneno ya marehemu aliyachukua kama wosia. Mwaka 1953 alipanda dan ya tano, akaenda California kufundisha kwa karibu miaka miwili, akarudi Tokyo.

Kisha, kimya. Dan ni ngazi za mkanda mweusi, zinaanza ya kwanza na kwa kawaida mwisho wake ni ya kumi. Kodokan ilikuwa na utaratibu kwamba mwanamke hapiti dan ya tano. Basi Bi Keiko akakaa hapohapo. Wanaume aliowazidi umri na elimu walipanda wakampita. Mwaka 1964 judo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, tena nyumbani, Tokyo. Mashindano yalikuwa ya wanaume peke yao. Bi Keiko alialikwa pamoja na mwenzake Masako Noritomi kuonyesha tu, wakafanya Ju-no-kata, ile kata ya ulaini.

Niisemee kidogo kata hii, kwa sababu niliitafuta kwenye video na nikaitazama mara tatu. Hakuna kubwagana. Hakuna hata kushikana nguo, ndiyo maana inaweza kufanywa na mtu aliyevaa mavazi yake ya kawaida. Mmoja anashambulia taratibu, mwenzake anapinda, anageuka, anamwinua mgongoni, kisha anamrudisha chini salama. Nilimwonyesha mama. Akatazama kimya, mwisho akasema, "Huyu mbona kama anacheza ngoma." Kwangu mimi hiyo ilikuwa hatua.

Mwaka 1966 Bi Keiko alihamia Marekani moja kwa moja, akiwa na miaka 53. Alifundisha Chuo cha Mills, Oakland, akaanzisha na skuli ndogo ya wanawake San Francisco, Soko Joshi. Skuli ya mtaani, jamvi na kuta, wanawake wa kazi mbalimbali wanakuja jioni. Ilikuwa ni wanawake wa huko waliouliza: huyu mwalimu wetu ana dan ya tano tangu lini? Wakapiga hesabu. Tawi la San Francisco la jumuiya ya wanawake ya NOW likaingia kati, madai yakapelekwa Kodokan, na mwaka 1972 Bi Keiko na Bi Masako wakawa wanawake wa kwanza kupewa dan ya sita. Miaka 19 kwenye ngazi moja, na kosa lake ni kuzaliwa mwanamke.

Nimejiuliza sana kuhusu miaka hiyo 19. Hakuacha kufundisha. Wala skuli ya Kano hakuiacha. Kuna watakaosema huo ni udhaifu, angepiga kelele mapema. Marekani hukohuko alikuwepo mwengine aliyechukua njia nyengine: Rusty Kanokogi wa Brooklyn, ambaye mwaka 1959 alikata nywele, akajifunga kifua na kuingia mashindano ya wanaume huko Utica, New York. Timu yake ikashinda. Alipoulizwa kama ni mwanamke, akakubali, na medali ikachukuliwa. Huyo ndiye aliyeweka nyumba yake rehani ili mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yafanyike New York mwaka 1980. Wanawake wakaingia Olimpiki kwa majaribio mwaka 1988, na rasmi mwaka 1992. Medali yake alirudishiwa mwaka 2009, miezi michache kabla ya kufariki. Mimi naona wote wawili walihitajika, mgomvi na mvumilivu, ila moyo wangu uko kwa yule wa pili, labda kwa sababu nimelelewa na wa aina hiyo.

Najua mmoja wenu atauliza: na sisi tunaojifunika? Suali hilo lilifika Olimpiki ya London mwaka 2012, kwa msichana wa Kisaudi wa miaka 16, Wojdan Shaherkani. Shirikisho la judo lilisema mwanzo kwamba hawezi kupigana na hijabu, kwa hoja kuwa mchezo una kukabana shingo na kitambaa kinaweza kumdhuru. Baada ya mazungumzo akaruhusiwa kofia maalumu ya kubana kichwa. Pambano lake lilimalizika kwa sekunde 82 na alishindwa. Lakini yeye na mkimbiaji Sarah Attar ndio wanawake wa kwanza wa Saudi Arabia kushiriki Olimpiki.

Bi Keiko alikuwa hai bado, San Francisco, akifundisha na miaka tisini na kitu. Kodokan ilimpa dan ya tisa mwaka 2006. Ya kumi alipewa na chama cha judo cha Marekani mwaka 2011, na hakuna mwanamke aliyeifikia kabla yake. Alifariki tarehe 9 Februari 2013, imebaki miezi miwili atimize miaka 100.

Yote haya nilimsimulia mama, kidogo kidogo, kwa siku tatu. Hakusema ndiyo, alisema, "Basi twende tukaone," kama alivyokwenda yule mama wa Tokyo. Jumamosi tukenda, akakaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake mapajani. Mwalimu akatueleza kuwa wiki za mwanzo mtoto hambwagi mtu yeyote. Anafunzwa kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono unapiga jamvi, anainuka, anaanguka tena.

Mama akanigeukia. "Yaani tunalipa pesa mtoto akafunzwe kuanguka?"

Kisha akauliza ile nguo nyeupe inauzwa wapi, na kama wanaruhusu kuishona ndefu kidogo.