Jina, Hesabu na Tabia: Abjadi na Nafasi ya Kuzaliwa katika Usawiri wa Wahusika wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa majina ya wahusika katika fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza swali moja: jina hili lina maana gani? Makala haya yanaonesha kuwa katika historia ya jamii za Waswahili na majirani zao jina liliulizwa pia swali la pili: lina hesabu gani, na hesabu hiyo inamweka mwenye jina mahali gani? Hoja inajengwa kwa mifano mitatu: hesabu ya abjadi ya mwambao, majina ya mapacha katika Kanda ya Ziwa, na tafsiri ya Julius Caesar iliyofanywa na Julius Nyerere wa Butiama. Makala yanapendekeza kuwa kuhama kwa Kiswahili kutoka hati ya Kiarabu kwenda hati ya Kirumi kuliliondolea jina hesabu yake na kuliachia maana peke yake, na kwamba jambo hili lina athari katika namna tunavyofundisha uhusika.

1.0 Utangulizi

Katika Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, ipo kata iitwayo Buswahili. Umbo la jina hilo linajieleza. Kiambishi bu- katika lugha za eneo hilo kinalingana na u- ya Kiswahili, kama inavyoonekana katika Bukwaya na Bujita. Buswahili, basi, ni Uswahili uliotamkwa kwa kinywa cha bara. Tunaanzia hapa kwa sababu ya kimbinu. Mkoa wa Mara ni mahali ambapo Kiswahili kimekutana na Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kikuria, Kijaluo na lugha nyingine nyingi, nacho kilienea huko kwa kiasi kikubwa kupitia shule, misheni na ofisi za serikali, yaani kupitia hati ya Kirumi. Msomaji wa Mara alizipokea hadithi za Kiswahili bila kupokea pamoja nazo elimu ya hesabu za majina iliyokuwa imefungamana na hati ya Kiarabu huko mwambao. Hata hivyo hakuja mikono mitupu. Alikuwa na mpangilio wake mwenyewe wa kumweka mtu katika nafasi kwa jina.

Tofauti hiyo haijapewa uzito katika uhakiki wetu. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mhusika wa Shaaban Robert anaitwa Adili, hujibu kuwa ni kwa sababu ana maadili. Jibu ni sahihi, lakini linachukulia kwamba jina la mtu limekuwa daima neno lenye maana tu. Historia inasema vingine.

2.0 Abjadi: Tabia kama Baki

Katika mpangilio wa abjadi, kila moja ya herufi 28 za Kiarabu hubeba thamani ya nambari, kuanzia alifu yenye 1 hadi ghaini yenye 1000. Katika elimu ya falaki kama ilivyotumika mwambao, mtaalamu hujumlisha thamani za herufi za jina la mtu, akaongeza zile za jina la mama yake, kisha akaitoa jumla hiyo kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndicho kinachoonesha nyota: 1 ni Hamali, 2 ni Thauri, 3 ni Jauza, na kuendelea hadi Hutu, yaani Samaki, pale isipobaki kitu. Nyota hizo 12 hugawanywa katika asili nne, yaani moto, udongo, upepo na maji, na kila asili ina tabia zake. Wenye nyota za moto husemwa kuwa wepesi wa hasira na wapenda kutawala. Wa udongo kuwa wazito na wavumilivu. Wa upepo kuwa wepesi wa maneno. Wa maji kuwa wapole na wagumu kutabirika.

Hapa hatuulizi kama elimu hiyo ni ya kweli. Wapo masheikh wengi walioikataza, na wapo wanajimu waliopata umaarufu mkubwa kwayo, kama Sheikh Yahya Hussein aliyefariki dunia mwaka 2011. Kinachotuhusu ni nadharia ya mtu iliyomo ndani yake. Nadharia hiyo ina sifa mbili. Kwanza, tabia haitokani na maana ya jina. Mtu aitwaye Salama anaweza kuwa na nyota ya ugomvi. Pili, tabia ni ya kimahusiano. Mtu hahesabiwi peke yake. Huhesabiwa pamoja na mama yake, na nyota yake hupata uzito inapowekwa karibu na nyota ya mwingine, hasa panapokuwa na posa. Kwa ufupi, mtu ni baki la majina mawili.

Lugha imehifadhi nadharia hiyo hata kwa wasiojua kuhesabu. Tunaposema kuwa fulani ana nyota kali, ana nyota ya jaha, au kwamba nyota zao haziendani, tunatumia msamiati wa hesabu ambayo wengi wetu hatujawahi kuifanya.

3.0 Kuhama kwa Hati na Jina la Adili

Tulijaribu hesabu hiyo kwa mhusika mkuu wa Adili na Nduguze (1952) wa Shaaban Robert. Jina lake likiandikwa kwa ayini, alifu, dali na lamu, hesabu yake ni 70 + 1 + 4 + 30, yaani 105. Baki ni 9, nayo ni Kausi, nyota ya moto. Likiandikwa bila alifu, kama neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu, jumla ni 104. Baki ni 8, nayo ni Akarabu, nyota ya maji. Likiandikwa kwa kufuata matamshi ya Kiswahili, ambapo mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho na mwandishi akauonesha kwa herufi ya ye, jumla ni 114; baki ni 6, nayo ni Sumbula, nyota ya udongo. Tahajia tatu zimetupa asili tatu, hata kabla ya kuongeza jina la mama.

Nduguze ni mfano bora zaidi. Hasidi na Mwivu ni majina mawili yenye karibu maana moja. Hasidi lina asili ya Kiarabu na linahesabika bila taabu. Mwivu ni jina la Kibantu, na sauti v haimo katika herufi 28 za abjadi. Mwandishi wa zamani aliiazimia herufi nyingine, na kila uazimaji huleta jumla yake. Kwa macho ya abjadi ndugu hawa wawili hawana sababu yoyote ya kufanana. Kwa macho ya Shaaban Robert wanafanana kwa sababu maana za majina yao zinafanana.

Jaribio hili halithibitishi kwamba Shaaban Robert alihesabu. Linaelekeza upande wa pili: linaonesha kwamba usawiri wake unasimama juu ya maana, na kwamba ungesambaratika kama ungesimama juu ya hesabu. Jambo hili linaeleweka tukitazama kipindi chake. Aliandika nathari yake kwa hati ya Kirumi, katika miongo iliyofuata kuanzishwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, ambayo ilisanifisha Kiswahili kwa hati hiyohiyo. Katika hati ya Kirumi jina haliwezi kujumlishwa kwa abjadi mpaka lirudishwe katika hati ya zamani, na kila kulirudisha ni kuchagua. Jina lililokuwa na pande mbili, maana na hesabu, likabaki na upande mmoja.

Tunapendekeza, basi, kuwa kustawi kwa majina ya sifa katika nathari ya kipindi hicho, kama Karama na Majivuno wa Kusadikika (1951), kusielezwe kwa athari za kigeni peke yake. Ni kweli kwamba istiara ya Kikristo ya John Bunyan, ambayo wahusika wake huitwa kwa sifa zao, ilikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Ni kweli pia kwamba ngano za Kiswahili zina majina ya namna hiyo. Lakini msomaji alikuwa tayari ameandaliwa na imani ya zamani zaidi, kwamba ndani ya jina mna tabia. Hati mpya iliiacha imani hiyo mahali pake na kubadilisha njia ya kuifikia tu.

4.0 Nafasi ya Kuzaliwa: Kutoka Kanda ya Ziwa hadi Unguja

Mbali na mwambao, hesabu ya jina haikuhitaji herufi. Kwa Wasukuma, ambao wengine wamekuwa wakazi wa Bunda, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa Wajaluo, ambao wanaishi pia Rorya mkoani Mara, mapacha wa kiume ni Opiyo na Odongo, wa kike ni Apiyo na Adongo, na anayefuata ni Okello au Akello. Majina haya ni nambari za nafasi: wa kwanza, wa pili, na aliyefuata wawili. Okello haelezwi na chochote alichonacho yeye. Anaelezwa na waliomtangulia.

Jozi hii ya majina ilifika mbali. Mwaka 1960 Muhammed Saleh Farsy alichapisha Kurwa na Doto, hadithi ya kijiji cha Unguja inayowahusu mapacha wa kike wanaofanana sura na kutofautiana tabia. Uchaguzi wa mapacha unamwezesha msanii kufanya jambo ambalo jina la sifa halimwezeshi. Wasichana hawa wamezaliwa na mama mmoja, siku moja, katika nyumba moja. Kinachotofautiana katika majina yao ni nafasi tu. Msomaji hapewi tabia yao ndani ya jina. Anapewa uhusiano, kisha analazimika kusubiri matendo. Mwanafunzi wa Bunda anayeifungua riwaya hii anajua kabla ya ukurasa wa kwanza nani alitangulia kutoka tumboni. Huo ni ujuzi wa kifasihi, na mwalimu anapaswa kuutumia.

Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, katika kisiwa cha Ukerewe, tunapata mfano wa njia ya tatu. Aniceti Kitereza aliikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili ikachapishwa mapema katika miaka ya 1980. Watoto wa Myombekere na Bugonoka, yaani Ntulanalwo na Bulihwali, wana majina yanayobeba huzuni ya wazazi waliosubiri sana. Hapa jina halitaji tabia ya mtoto wala nafasi yake. Linataja yaliyowapata wengine kabla hajazaliwa. Hata hivyo linashirikiana na abjadi katika jambo moja la msingi: mhusika anaanza maisha akiwa amekwisha kuunganishwa na mzazi wake kwa jina.

5.0 Butiama: Majina Kwenye Mizani

Mfano wa mwisho unaturudisha Butiama. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, na inaelezwa kuwa jina Kambarage alipewa kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku ya kuzaliwa kwake, kwa kufuata jina la mzimu wa mvua. Mwaka 1963 alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka iliyosahihishwa, Juliasi Kaizari.

Katika onesho la pili la sehemu ya kwanza, Cassius anamshawishi Brutus kwa hoja inayofanana sana na kazi ya mpiga falaki. Anayaweka majina mawili, la Brutus na la Caesar, bega kwa bega: ayaandike, ayatamke, ayapime uzito, ayatumie kuitia mizimu. Anadai kuwa kwa kila kipimo ni sawa. Papo hapo anakanusha kuwa nyota ndizo zilizowafanya wawe wanyonge. Kosa, kwake, ni la watu wenyewe. Cassius, basi, anayapima majina ili athibitishe kuwa uzito wao si kitu.

Tamthilia haimwachii ushindi huo. Katika onesho hilohilo mtabiri ametaja tarehe, na tarehe hiyo inatimia. Katika sehemu ya tano Cassius mwenyewe anakiri kwamba ameanza kuziamini dalili alizozidharau, na anakufa siku ileile ya mwaka aliyozaliwa. Aliyezikana nyota anafungwa na kalenda. Ubora wa usawiri wake umo hapo: tabia yake inaonekana katika namna anavyobishana na hesabu, na hatimaye katika namna anavyoishiwa na ubishi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hoja hiyo haikuwa ngeni. Neno nyota, ambalo Kiswahili kinalitumia kwa gimba la mbinguni na kwa hatima ya mtu vilevile, lilikuwa limekwisha kuubeba mgogoro huo kabla Shakespeare hajafika Butiama.

6.0 Hitimisho

Tangu E. M. Forster alipopendekeza mwaka 1927 mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara, madarasa yetu yameutumia kama kipimo cha ubora. Kwa kipimo hicho Adili, Hasidi na Mwivu hupata alama ndogo: ni bapa, kwa sababu majina yao yamesema yote. Historia iliyofuatiliwa hapa inataka hukumu hiyo iahirishwe. Mhusika wa Kiswahili alirithi angalau njia tatu za kufungamanisha jina na tabia: maana, hesabu na nafasi. Njia ya kwanza humpa mhusika kiini. Mbili za mwisho humpa mahali miongoni mwa watu.

Kwa hiyo swali la mtihani lisiishie kwenye maana ya jina. Liendelee kuuliza: jina hili linamweka mhusika karibu na nani, baada ya nani, na dhidi ya nani? Tukiuliza hivyo, hata Adili anaonekana upya. Anwani ya kitabu haikumtaja peke yake; imemtaja pamoja na nduguze, na uadilifu wake hauna pa kujaribiwa ila kwao. Mpiga falaki wa mwambao asingekubaliana na tahajia ya jina hilo. Lakini kanuni iliyomo katika anwani, kwamba mtu hahesabiwi peke yake, angeitambua mara moja.