Ufunguo wa Mstari: Nani Akae Jirani na Nani?



Wengi wetu tukisikia hifadhidata tunafikiria majedwali ya Edgar Codd ya mwaka 1970. Historia haikuishia hapo. Mwaka 2006 wahandisi wa Google, wakiwemo Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat, walichapisha makala kuhusu Bigtable, waliyoanza kuijenga 2004. HBase, iliyoanza 2007, ikafuata nyayo hizo.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Kila mstari una ufunguo mmoja, yaani mfuatano wa herufi tu. Safu zimegawanywa kwa familia, na familia moja yaweza kuhifadhiwa mbali na nyingine, kwa hiyo ukitaka safu chache huna haja ya kusoma mstari mzima. Mistari yote hupangwa kwa alfabeti ya ufunguo, kisha jedwali hukatwa vipande na kugawiwa kompyuta nyingi. Bigtable ya mwanzo haikuwa na faharasa nyingine. Usipoujua ufunguo, utapekua jedwali zima!

Basi siri iko hapo. Katika kuhifadhi kurasa za intaneti, Google waligeuza anwani: maps.google.com ikawa com.google.maps. Kwani isingegeuzwa, ingekaa na "maps" za watu wengine, mbali na news.google.com. Ikigeuzwa, ndugu wa nyumba moja wanalala pamoja. Ni kama kuorodhesha watu kwa nisba: Mazrui wote mahali pamoja, badala ya kina Ali wote.

Sisi wa Kiswahili tatizo hili si geni kwetu. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliviweka vinyambuo chini ya kitenzi chake, pigwa na pigana chini ya piga. Lakini kompyuta haijui ngeli wala viambishi. Ukiipa maneno kama yalivyo, kitabu kitakwenda K na vitabu V. Anasoma na tunasoma hawataonana kabisa. Ukiandika soma/anasoma na soma/tunasoma, wanakaa jirani.

Nayasema haya kwa sababu maandishi yetu yanazidi kuingizwa kwenye hifadhidata za namna hii, na ufunguo ukishawekwa haubadilishwi: ni kuandika mstari upya na kuufuta wa zamani, mamilioni kwa mamilioni. Kazi hiyo tusimwachie mhandisi peke yake. Mwenye kuijua lugha awepo siku ufunguo unapochaguliwa.

Je, nyinyi mngeanza na nini: shina, ngeli au lahaja?